Sheria inajulikana, hesabu haijaisha: kompyuta na mivunjiko adimu ya kaoni

Kobalti inayotoka Katanga kwa malori kila siku ina nafasi katika historia ya fizikia ambayo hapa Lubumbashi tunaisimulia mara chache mno. Mwishoni mwa 1956, katika maabara ya taifa ya vipimo mjini Washington, Chien-Shiung Wu na wenzake walichukua kobalti-60, wakaipoza hadi karibu na sifuri halisi, wakavielekeza viini vyake upande mmoja kwa sumaku, kisha wakahesabu elektroni zilizokuwa zikiruka kutoka humo. Nyingi ziliruka kinyume na upande ambao viini vilielekea. Hapo ikajulikana kwamba maumbile yanatofautisha kulia na kushoto, jambo ambalo wanafizikia wengi walikuwa wamelikataa bila hata kulipima. Kobalti-60 yenyewe hupatikana kwa kuiweka kobalti ya kawaida, hii hii ya kwetu, ndani ya mtambo wa nyuklia ili imeze nyutroni.

Swali lililomfikisha Wu kwenye jaribio hilo lilianza na chembe nyingine, kaoni. George Rochester na Clifford Butler waliiona 1947 mjini Manchester, katika picha za miale inayotoka angani. Miaka michache baadaye ilionekana kama chembe mbili zenye uzito uleule na umri uleule: moja ikivunjika na kutoa pioni mbili (pioni ni chembe nyepesi kuliko kaoni), nyingine pioni tatu. Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang wakasema 1956 kwamba ni chembe moja tu, na kwamba nguvu dhaifu, ambayo ndiyo inayoivunja, haiheshimu kioo. Wu akapima, wakapatikana kuwa wakweli, na 1957 Lee na Yang wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kaoni hiyohiyo, yenye uzito wa karibu nusu ya protoni, bado inawasumbua watu hadi leo, na makala hii inahusu namna wanavyoikokotoa.

Kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya, na si ajabu wakiyachanganya, maana wamekulia karibu na Shinkolobwe. Urani ya Shinkolobwe inavunjika polepole: nusu ya urani-238 inahitaji takriban miaka bilioni 4.5 kuisha. Huo ni mvunjiko wa taratibu. Mvunjiko adimu ni habari tofauti. Kaoni yenye chaji chanya huishi kwa wastani nanosekunde 12 tu, yaani sehemu 12 za bilioni ya sekunde, kisha inakufa. Kila moja inakufa haraka. Tofauti iko kwenye njia ya kufa: karibu 64 katika kila 100 hugeuka muoni (jamaa mzito wa elektroni) na nyutrino (chembe isiyo na chaji na karibu haina uzito), karibu 21 hugeuka pioni mbili, na zilizobaki hugawana njia nyingine. Kati ya njia hizo kuna moja ambapo kaoni inageuka pioni moja, nyutrino moja na nyutrino-kinyume moja. Nadharia inayotawala leo inasema njia hiyo hufuatwa na kaoni chini ya 9 katika kila bilioni 100.

Kwa nini mtu atumie maisha yake kutafuta kaoni 9 katika bilioni 100? Kwa sababu njia hiyo ni adimu kwa kuwa imefungwa karibu kabisa. Ndani ya kaoni kuna kwaki, yaani moja ya chembe ndogo zinazoijenga, ya aina inayoitwa ngeni, ambayo ingepaswa kugeuka kwaki nyingine yenye chaji ileile, na nguvu dhaifu hairuhusu mgeuko huo moja kwa moja. Lazima upitie mzunguko mrefu wa chembe nzito zinazotokea na kutoweka, na michango ya mzunguko huo karibu yote inafutana. Kinachobaki ni kidogo mno. Sasa, kama kuna chembe mpya nzito ambayo hakuna mtambo ulioweza kuiona, nayo itapita kwenye mzunguko huo na kuacha alama yake, na kwa kuwa mchango wa kawaida ni mdogo, alama hiyo haitafunikwa.

Haya yamekwisha kutokea. Kaoni isiyo na chaji, ile inayoishi muda mrefu, inaweza kugeuka muoni mbili, lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa wazi kwamba inafanya hivyo mara chache kuliko hesabu ilivyotaka. Mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani wakaeleza kwamba uhaba huo unaeleweka kama kuna kwaki ya nne inayofuta mchango wa nyingine. Wakati huo zilijulikana tatu tu. Novemba 1974 maabara mbili za Marekani, Brookhaven na SLAC, zikaiona hiyo ya nne. Mvunjiko ambao karibu haupo ulikuwa umetabiri chembe iliyopo. Kwangu hii ni moja ya hoja nzuri kuliko zote katika fizikia ya karne iliyopita, na sijui kwa nini haifundishwi mapema zaidi.

Upande wa vipimo umefika mbali. Septemba 2024 watu wa jaribio la NA62, katika maabara ya fizikia ya chembe ya CERN, Ulaya, walitangaza kwamba wameuona mvunjiko wa kaoni kuwa pioni na nyutrino mbili kwa uhakika unaokubalika. Walikuwa wamekusanya data tangu 2016, wakapata matukio 51 yanayofaa, na kati yake takriban 18 yalitarajiwa kuwa mivunjiko mingine inayouiga tu. Kiwango walichopata ni 13 katika bilioni 100, kikiwa na shaka ya karibu 3 juu na chini. Nadharia inasema kati ya 8 na 9. Namba hizo mbili hazijapishana kiasi cha kutangaza jambo jipya, wala hazijalingana kiasi cha kulala usingizi.

Huko Japani jaribio la KOTO linamtafuta ndugu yake, kaoni isiyo na chaji inayogeuka pioni isiyo na chaji na nyutrino mbili. Mvunjiko huo bado haujaonekana.

Pale penseli inapokwama

Namba ya nadharia inatoka wapi? Hapa ndipo nguvu kali inapoingia.

Kwaki hazitembei peke yake. Nguvu kali, inayobebwa na gluoni, inazifunga ndani ya protoni, nyutroni, pioni, kaoni na jamaa zake wote. Mlinganyo wake unajulikana. David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha 1973 kwamba nguvu hii inalegea kwaki zinapokaribiana sana, na inakaza zinapoachana. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel 2004. Inapolegea, unaweza kukokotoa kwa penseli: unaanza na jibu la kukadiria, unaongeza sahihisho dogo, kisha dogo zaidi, hadi utosheke. Inapokaza, kila sahihisho ni kubwa kama lile lililotangulia, na penseli haina kazi tena.

Mvunjiko adimu una sehemu zote mbili ndani yake. Mzunguko wa chembe nzito unatokea katika umbali mdogo kuliko protoni kwa mamia ya mara, na hapo nguvu kali imelegea. Lakini kwaki inayogeuka iko ndani ya kaoni, na inayotoka iko ndani ya pioni, na ukubwa wa kaoni na pioni ndio ule ambapo nguvu kali imekaza kabisa. Kwa hiyo wakokotoaji wanakata kazi vipande viwili. Kipande cha umbali mdogo kinakokotolewa kwa penseli na subira nyingi. Kipande cha umbali mkubwa kinaulizwa swali moja: ukianza na kaoni, ukaigusa kwaki kwa namna fulani, uwezekano wa kukuta pioni upande wa pili ni kiasi gani? Swali hilo ndilo linalopelekwa kwenye kompyuta kuu.

Nimewahi kuulizwa na wanafunzi, na swali ni la haki: "Prof, kama sheria inajulikana tangu 1973, kwa nini bado kuna kazi?" Kujua sheria ya mchezo hakukupi matokeo ya mechi. Protoni ni mfano wa karibu. Kwaki zake tatu, ukizipima uzito mmoja mmoja, hazifiki hata asilimia 2 ya uzito wake. Uzito uliobaki ni nishati ya kwaki zikihangaika na gluoni zikivutana. Mlinganyo wa kuupata uliandikwa miaka ya 1970. Namba yenyewe, kutoka kwenye mlinganyo huo na kwa kosa la asilimia chache tu, ilipatikana vizuri 2008.

Wavu wa Wilson

Njia ilifunguliwa na Kenneth Wilson wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1974. Badala ya kuwaza anga na muda kama vitu visivyo na mapengo, alivichora kama wavu wa nukta. Kwaki zinakaa kwenye nukta. Gluoni zinakaa kwenye nyuzi zinazounganisha nukta mbili jirani. Sanduku zima halizidi protoni kwa ukubwa zaidi ya mara chache, na pengo kati ya nukta ni karibu sehemu ya kumi ya femtomita. Femtomita moja ni mita moja iliyogawanywa kwa 10 mara 15 mfululizo.

Chukua wavu wenye nukta 32 kila upande wa anga na 64 upande wa muda. Huo umetumika kweli kwa hesabu nitakayoieleza hapa chini. Una nukta 2,097,152. Kila nukta ina nyuzi nne, na kila uzi unahitaji namba nane kuuelezea. Hizo ni zaidi ya namba milioni 67, na nadharia inakutaka ujumlishe juu ya kila thamani ambayo kila moja ya namba hizo inaweza kuchukua. Hata ukiijaribu kila namba kwa thamani kumi tu, hesabu ya michanganyiko itakuwa namba yenye tarakimu milioni 67. Idadi ya atomu katika ulimwengu wote unaoonekana inakadiriwa kuwa namba yenye tarakimu 80 hivi.

Hakuna atakayejumlisha hivyo. Wanachofanya, mnunuzi wa madini wa hapa kwetu atakielewa kabla ya mwanafunzi wa hesabu. Akiletewa rundo la mawe ya shaba, halisagi rundo zima. Anachota kidogo hapa, kidogo pale, anasaga, anapima, na kutoka kwenye mafungu hayo anapata kiwango cha shaba cha rundo lote. Akichota upande mmoja tu wa rundo, atadanganyika. Akichota mafungu mengi kutoka kila mahali, kipimo kinatulia, ingawa kwa bei kali: ili kupunguza shaka kwa nusu inabidi mafungu yawe mara nne.

Kwa nguvu kali kuna ugumu wa ziada. Karibu mipangilio yote ya gluoni ni mawe matupu. Ni michache mno inayochangia jibu. Hivyo kompyuta inapaswa kuchota kwa upendeleo, mpangilio wenye uzito mkubwa uchotwe mara nyingi, wenye uzito mdogo mara chache, kwa uwiano sahihi kabisa. Njia ya kufanya hivyo huku kwaki nazo zikihesabiwa ilielezwa 1987 na Simon Duane, Anthony Kennedy, Brian Pendleton na Duncan Roweth, na mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii. Mpangilio mmoja unazaliwa kutoka kwa uliotangulia: unausukuma kama mpira kwenye mlima wa nishati, unaufuata kwa hatua ndogondogo, mwishoni unaamua kuukubali au kuukataa.

Kwa kila mpangilio uliokubaliwa, kazi nyingine inaanza: kujua jinsi kwaki inavyosafiri ndani yake. Hiyo ni kutatua mfumo wa milinganyo. Kwa wavu wetu ni milinganyo zaidi ya milioni 25 kwa pamoja, tena inatatuliwa upya mara nyingi kwa kila mpangilio. Umeme wa kompyuta kuu unakwenda hapo. Na kwaki ikiwa nyepesi, kama kwaki za kweli zilivyo, utatuzi unakuwa mzito zaidi. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu walikokotoa na kwaki nzito kuliko za kweli, kisha wakakisia jibu lingekuwaje kwa zile nyepesi. Hesabu zilizo bora leo hazihitaji tena kukisia huko.

Kuna jambo moja zaidi ambalo siwezi kuliruka, kwa sababu matatizo yote ya mbele yanatoka humo. Katika fizikia ya kwanta mipangilio inajumlishwa kwa namba zinazoyumba kati ya chanya na hasi, zikifutana. Huwezi kuchota mafungu kwa uzito ulio hasi. Wakokotoaji wanatoka kwenye mtego huo kwa kuuzidisha muda kwa namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa −1. Kuyumba kunageuka kushuka laini, uzito wote unakuwa chanya, na kuchota kunawezekana. Unaumba kaoni kwenye nukta moja, unaiondoa hatua kadhaa baadaye, unaona jinsi ishara inavyoshuka, na kasi ya kushuka inakupa uzito wake. Ni uzuri mtupu. Lakini muda huo si muda tunaoishi ndani yake, na chembe inayovunjika huvunjika katika muda wetu.

Rahisi, ngumu, na iliyowatoa jasho

Kuna mvunjiko adimu ambao kikwazo hicho hakiugusi. Chembe inayoitwa Bs, nzito kuliko protoni kwa zaidi ya mara tano, inaweza kugeuka muoni mbili. Nadharia inatabiri takriban 3.66 katika bilioni, na majaribio ya CMS na LHCb, yote ya CERN, yaliuonyesha pamoja katika makala ya 2015. Vipimo vya baadaye viko jirani na utabiri. Muoni hazihisi nguvu kali. Kwa hiyo swali zima la nguvu kali linabaki namba moja tu, inayosema ni mara ngapi kwaki mbili za ndani ya Bs zinakutana mahali pamoja. Wakokotoaji wa wavu wameipata kuwa megaelektronivolti (kipimo cha nishati) 230.3, na shaka ya 1.3. Hiyo ni chini ya asilimia moja. Ukiuliza leo utabiri huo unayumbishwa na nini, nguvu kali haimo tena kati ya washtakiwa wakubwa.

Upande mwingine kuna kaoni inayogeuka pioni mbili. Mvunjiko huu wenyewe ni wa kawaida. Kilicho adimu ni tofauti ndogo iliyojificha ndani yake kati ya maada na maada-kinyume, pacha wake mwenye chaji iliyogeuzwa. James Cronin na Val Fitch waligundua 1964 kule Brookhaven kwamba kaoni ya muda mrefu, ambayo haikupaswa kugeuka pioni mbili, hufanya hivyo takriban mara 2 katika 1,000. Baadaye ikatafutwa tofauti ndogo zaidi, inayotokea katika tendo la kuvunjika lenyewe. Jaribio la NA48 kule CERN na KTeV kule Fermilab, Marekani, ziliipima. Kipimo chake, ambacho wenyewe hukiandika ε′/ε, ni 16.6 katika 10,000, na shaka ya 2.3. Ili ujue kama nadharia yetu inatosha kueleza kwa nini maada na maada-kinyume si sawa, lazima uikokotoe namba hiyo.

Na pioni zinahisi nguvu kali. Zikishatoka zinasukumana. Luciano Maiani na Massimo Testa walionyesha 1990 kwamba ule muda wa kubadilishwa unaleta balaa hapa: ukingoja vya kutosha, ishara inayobaki ni ya pioni mbili zilizotulia kimya, ambazo hazina nishati ya kaoni, na mvunjiko wa kweli unafunikwa. Wengi waliona mlango umefungwa. Laurent Lellouch na Martin Lüscher wakaufungua miaka kumi baadaye kwa kuutumia udogo wa sanduku, ambao kila mtu aliuona kama kasoro. Ndani ya sanduku dogo pioni haziwezi kuwa na mwendo wowote zinaoutaka; zina hatua maalumu. Ukichagua ukubwa wa sanduku vizuri, hatua moja inalingana kabisa na nishati ya kaoni, na wao wakaandika kanuni ya kutoka kwenye jibu la sandukuni kwenda jibu la dunia iliyo wazi.

Kundi la RBC-UKQCD, linalowaunganisha watu wa Columbia, Brookhaven, Riken, Edinburgh, Southampton na kwingineko, lilishika kazi hiyo. Mwaka 2012 wakatoa sehemu iliyo nyepesi zaidi, ile ambapo pioni mbili ziko katika hali moja kati ya mbili zinazowezekana. Ilikula saa milioni 54 za prosesa. Prosesa moja ingehitaji zaidi ya miaka 6,000. Kwa sehemu ya pili walibadilisha hata masharti ya kingo za sanduku, ili pioni zisiweze kutulia kabisa ndani yake.

Mwaka 2015 wakatoa ε′/ε nzima kwa mara ya kwanza: 1.4 katika 10,000, na shaka ya karibu 7. Linganisha na 16.6 ya kipimo. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kidogo kuliko shaka mara mbili, na watu wakachangamka. Makala nyingi ziliandikwa kupendekeza chembe mpya ambazo zingeweza kuziba pengo.

Wakokotoaji wenyewe hawakukimbilia huko. Kuna kitu kilichowasumbua: jinsi pioni mbili zinavyosukumana, kama ilivyotoka katika hesabu yao, hakukulingana na kinachojulikana kwa vipimo vya miaka mingi. Ngazi mbili za nishati za pioni, ile waliyoitaka na nyingine ya juu zaidi, zilikuwa zimechanganyika katika ishara, na data chache hazikutosha kuzitenga. Wakarudi. Wakaongeza mipangilio kutoka 216 hadi 741, na muhimu zaidi, wakaunda pioni mbili kwa njia kadhaa tofauti ili mchanganyiko uonekane wazi. Matokeo ya 2020: 21.7 katika 10,000, na shaka ya karibu 8. Inakaa vizuri na 16.6. Baadaye wakaikokotoa tena kwa njia nyingine, bila zile kingo maalumu, na majibu yakakubaliana ndani ya shaka zake.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo ninalotaka msomaji alibebe kuhusu kazi hii yote. Ile 1.4 ya 2015 haikuwa uongo. Ilitolewa na shaka yake kubwa ikiwa imeandikwa pembeni, sehemu kwa sehemu, na yeyote aliyesoma mstari mzima aliona kwamba pengo halijathibitika. Katika mivunjiko adimu, namba ya katikati ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ile shaka: kiasi gani kinatoka kwa uchache wa mipangilio, kiasi gani kwa pengo la wavu, kiasi gani kwa vipande vilivyokokotolewa kwa penseli. Mtu akikuletea namba bila hiyo nusu ya pili, hana cha kulinganisha na CERN wala na KOTO.

Hesabu hiyohiyo ilitoa zawadi nyingine. Tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba kaoni hupendelea mno moja ya zile hali mbili za pioni, kiasi cha mara 22 na nusu ukilinganisha ukubwa wa njia mbili hizo, na hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini. Wavu ulitoa karibu 20, na ukaonyesha chanzo kimojawapo: katika hali isiyopendelewa, michango miwili mikubwa ina alama kinyume na inafutana.

Zile kaoni zinazogeuka nyutrino mbili ziko katikati ya rahisi na ngumu. Sehemu kubwa ya jibu inatoka kwenye umbali mdogo. Lakini kwaki ya nne, ileile ya 1974, si nzito vya kutosha kukaa yote huko. Mkia wake unaingia kwenye eneo la nguvu kali. Hesabu ya kwanza ya mkia huo kwenye wavu ilichapishwa 2017, kwa kwaki zenye uzito usiolingana na ule wa kweli, kama jaribio la kuona kama njia inapitika. Inapitika. Na kaoni inayogeuka muoni mbili, ile iliyowaongoza Glashow na wenzake, imepimwa kwa kosa lisilofika asilimia 2, lakini hatuwezi kuitumia ipasavyo kwa sababu mara nyingi inapitia fotoni mbili (chembe za mwanga) katikati, na fotoni hizo zinaonana na nguvu kali kwa umbali mrefu. Norman Christ wa Columbia na wenzake wameshaonyesha jinsi ya kuiweka kwenye wavu. Kipimo kinaisubiri hesabu, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hatapata kompyuta kuu ya aina hiyo wiki ijayo. Lakini makala karibu zote za kazi hii ziko bure kwenye tovuti ya arXiv, katika fungu linaloitwa hep-lat, na programu kadhaa wanazozitumia, kama Grid, Chroma na MILC, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Zaidi ya hapo, hesabu za Michael Creutz wa Brookhaven za 1980, zilizowashawishi wengi kwamba wavu unafanya kazi, zilitumia nyavu zisizozidi nukta 10 kila upande, na nguvu iliyorahisishwa yenye rangi mbili badala ya tatu (rangi ni jina la chaji ya nguvu kali). Kompyuta ya mkononi ya leo inaziweza. Iandike programu ihifadhi hali yake kila baada ya dakika chache, kwa sababu umeme wa hapa unakatika. Hata kwenye kompyuta kuu wanafanya hivyo, kwa kuwa kila kazi hupewa muda wake na kukatizwa.

Anza na nguvu ya rangi mbili. Usikimbilie kaoni. Pima wastani wa mraba mdogo kuliko yote kwenye wavu, ule wa nyuzi nne, wakati kigezo β, ambacho hupungua nguvu inapokaza, ni kidogo. Penseli inatoa jibu hapo: karibu β/4. Ukiweka β kuwa 0.4, upate takriban 0.1, pamoja na shaka yake. Usipopata, tafuta kosa kwenye programu kabla ya kuongeza ukubwa wa wavu.